Nani Alimpokea Shujaa Wako?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Sakina, Arusha. Naandika riwaya kuhusu nchi ya kubuni yenye misitu mikubwa, nimeiita Usaviri. Sura ya kwanza inaeleza historia yake ya kale. Nimeandika kwamba hapo zamani nchi ilikuwa msitu mtupu, wakiishi humo watu wadogo tu walioitwa Wafupi. Kisha Wasaviri wakaja kutoka kaskazini wakiongozwa na shujaa Mwirande na mbwa wake, wakafyeka msitu, Wafupi wakatoweka, na ufalme ukaanza. Rafiki yangu amesoma akasema ni kama kitabu cha darasa la tano. Nifanye nini ili watu wa kale wa nchi yangu waaminike? Niwape miaka mingapi? Na je, naruhusiwa kuwatumia Wakonyingo wa Kilimanjaro?

JIBU: Marahaba, binti. Rafiki yako amekuonea kidogo, maana kitabu cha darasa la tano kingetaja angalau mwaka mmoja. Ila kuna harufu ameisikia, hakujua tu inatoka chungu kipi. Nimeisoma sura yako mara tatu, kalamu mkononi, na nimepigia mstari maneno matatu: mtupu, wakaja, wakatoweka. Mengine yaache. Mwirande nimempenda, na mbwa wake nimempenda zaidi. Lakini maneno hayo matatu ndiyo yanayoiua sura, na yana asili moja.

Nasema hivi nami nikiwa na hatia. Nimefundisha historia sekondari hapa Moshi miaka mingi, na kila mwaka nilichora ubaoni ramani ya Afrika na mishale ya chaki, ya kuonyesha Wabantu walivyohama. Mmoja unatoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni unashuka kusini, mwingine unapenya msitu wa Kongo, mwingine unazunguka hadi Ziwa Viktoria na kuingia kwetu. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Siku moja mtoto wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, pale kwenye ncha ya mshale palikuwa na nani?" Nikamwambia tutafika huko. Hatukufika, kengele ikalia, nikafuta ubao. Kwa hiyo barua hii ni deni la yule mtoto, wewe unalipokea kwa niaba yake.

Tuanze na mlima tulio nao. Kaa na wazee wa koo mbalimbali za Kichagga, waulize asili yao. Huyu atakwambia sisi tulitoka Ukambani, yule Taita, wengine Usambara, wengine kwa Wamasai. Karibu kila ukoo masimulizi yake yanaanza na safari. Ukiyajumlisha unapata mlima ambao kila mtu ni mgeni, kama harusi ambayo wote ni waalikwa na hakuna mwenye nyumba. Sasa tia swali moja dogo: hao waliotoka Ukambani walipofika wakiwa na kiu, nani aliwaonyesha maji?

Wazee hao hao, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishachangamsha baraza, watakusimulia Wakonyingo. Watu wadogo, urefu wa mtoto, vichwa vikubwa mno, wanaokaa juu kabisa mlimani. Hawalali chini. Hulala wameegemea ukuta wa nyumba, kwa sababu mmoja wao akilala chini kichwa kitamlemea asiweze kuinuka. Ndiyo maana kila mmoja huvaa pembe kiunoni: akianguka anaipuliza, wenzake waje wamnyanyue. Bibi yangu wa Uru akifika hapo alikunja ngumi akaipuliza, sisi wajukuu tunaangusha vichwa.

Sikwambii kwamba Wakonyingo waliishi jinsi wanavyosimuliwa. Ninachokwambia ni kwamba watu wanaodai wote walitoka mbali wameacha, ndani ya hadithi zao, nafasi ya mtu mwingine aliyekuwa huko juu kabla yao, mwenye mji wake na mfalme wake. Nafasi hiyo wewe umeizibua kisha ukaiziba kwa neno moja, "wakatoweka".

Ushahidi mgumu zaidi uko kwenye ndimi. Upande wa Rombo kulikuwa na watu waliosema Kingasa, ambacho wataalamu wengine hukiita Kiongamo. Si Kibantu kabisa, ni ndugu wa Kimaasai. Walikaa mlimani pamoja na wasemaji wa Kichagga muda mrefu kiasi kwamba maneno yao yameingia humo yakazoeleka kama ya nyumbani. Nyuma yao zaidi kuna tabaka jingine la maneno, yenye asili ya Kikushi, jamii ya lugha anayosema Mwiraqw wa Mbulu leo. Kingasa chenyewe sasa kimebaki jina tu. Wangasa wamekwenda wapi? Hawajakwenda popote. Wako Rombo, wanalima migomba, wanasema Kirombo, Jumapili wako kanisani. Hawakutoweka. Lugha ndiyo iliyowatoka, na ilipotoka iliacha viatu mlangoni.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulibebe katika barua hii nzima. Historia ya kale ya nchi ya msitu usiianzie kwa aliyefika. Ianzie kwa aliyempokea, kisha umfuatilie huyo mpokeaji mpaka umkute ndani ya wajukuu wa mgeni: kwenye maneno yao, chungu chao, damu yao, na mtu wanayemwita mvua isiponyesha.

Msitu wa Kongo unalionyesha hili vizuri kuliko mlima wetu. Kuna wawindaji wa msituni waitwao Baka, wengi wako kusini-mashariki mwa Kameruni, na wengine waitwao Aka, ng'ambo ya kule, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Aka wanasema lugha ya Kibantu. Baka wanasema lugha ya jamii nyingine kabisa, ya Kiubangi. Ukiwaweka pamoja hawaelewani. Lakini ukiyaacha kando maneno ya nyumba na soko, ukabaki na maneno ya asali, ya nyuki, ya mimea, ya uwindaji wa tembo, unakuta yanafanana kwa wingi wa kushangaza. Kila kundi lilichukua lugha ya majirani wakulima, majirani wawili tofauti, ila maneno ya msitu hayakubadilishwa kwa sababu mkulima hakuwa na ya kuwapa. Umeona? Hiyo ni zawadi ya bure kwa mwandishi. Katika Usaviri yako, Msaviri aseme lugha yake vizuri mpaka afike kwenye mzinga wa nyuki. Hapo aanze kuongea kigeni bila kujua.

Tena usidhani ni kwenye ncha tu ya mshale palipokuwa na watu. Hata kwenye shina lake. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza vinasaba vya watoto wanne waliozikwa chini ya jabali la Shum Laka huko Kameruni, wawili kama miaka 8,000 iliyopita na wawili kama miaka 3,000. Eneo lile linahesabiwa kuwa karibu na chimbuko la lugha za Kibantu, kwa hiyo mtu angetegemea wawe mababu wa moja kwa moja wa Wabantu wa leo. Watoto wale walikutwa wako karibu zaidi na wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati.

Kama haya yote yanakuchosha, acha kusoma, uende stendi. Panda gari la Karatu asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umefika. Sikiliza sokoni. Mwiraqw anasema Kikushi. Mmasai na Mdatoga wanasema Kinailoti, kila mmoja chake. Mwenye duka huenda ni Mchagga au Mpare, Mbantu. Na ukiteremka hadi Ziwa Eyasi uko kwa Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi na haijapatikana ndugu yake hata mmoja anayekubalika na wote. Nchi ya kweli, umbali wa safari ya nusu siku, ina familia nne za lugha zisizohusiana. Yako ya kubuni, yenye misitu ya siku arobaini kwa mguu kama ulivyoandika, ina watu wa aina mbili. Hapa ndipo msomaji anapoanza kukushuku.

Jina nalo. "Wafupi" si jina la watu, ni maneno ya jirani. Hakuna taifa linaloamka asubuhi likajiita fupi. Wamasai waliwaita wawindaji wa misituni Iltorobo, maana yake watu wasio na ng'ombe, mafukara, na sisi tukalifanya Kiswahili likawa Wandorobo, tukaliandika vitabuni kama kabila. Hata "Wachagga" ni jina lililoenezwa sana na watu wa nje, wa misafara na baadaye wa serikali. Mtu wa mlimani alijijua kwa umangi wake, yaani nchi ya mangi, mtawala wake: Mmachame, Mkibosho, Mmarangu. Hivyo acha Wasaviri wawaite Wafupi, ni haki yao ya kuwa na midomo michafu. Ila katika sura fulani, mahali ambapo msomaji hakutegemea, mmoja wa hao "Wafupi" ataje jina lao wenyewe. Lisitafsiriwe.

Sasa jikoni, maana hapa umejikwaa vibaya na hukujua. Ukurasa wa nne Mwirande anakula kande. Binti yangu! Kande tunaapia kuwa chakula cha mababu, lakini mahindi yake yametoka bara la Amerika, na maharage yake vilevile, baada ya mwaka 1492. Mihogo hivyo hivyo, viazi mviringo, nyanya, karanga, pilipili. Kahawa, ambayo mgeni akija Moshi anadhani iliota na mlima, ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Usaviri ni ya kubuni, unaweza kuotesha chochote, sawa, lakini chakula hubeba safari. Ukiweka mahindi, umeweka bahari na meli, na msomaji atauliza zilikuja lini.

Wape ulezi, mtama, kunde, njugu mawe, viazi vikuu, mafuta ya mawese kama joto linaruhusu. Na migomba? Hapo pana utamu. Mgomba, ambao bila huo sisi wa mlimani hatuna mtori, hatuna mbege, hatuna hata jani la kufungia kitu, si wa Afrika kwa asili. Ulifugwa kwanza huko visiwa vya Asia ya kusini-mashariki na Guinea Mpya, ukavuka Bahari ya Hindi. Lakini ulipofika kwenye milima yetu ulibadilisha kila kitu, kwa sababu mgomba hauhitaji ufyeke msitu wote. Ingia kihamba chochote cha zamani, yaani shamba la ukoo la nyumbani, Kibosho au Marangu, uangalie juu: mringaringa umeachwa, mruka umeachwa, chini yake migomba, chini yake magimbi. Kihamba ni msitu uliopangwa upya na mtu aliyejua mti gani wa kuuacha. Nani alimfundisha mti upi una faida gani? Msesewe unaotia mbege uchungu wake, nani aliyeutafuna wa kwanza?

Kwa hiyo lile "wakafyeka msitu" nalo liangalie. Msitu haufyekwi mara moja ukakoma. Unafyekwa hapa, unaachwa kule, unarudi. Na huwa na sehemu zisizoguswa kwa makusudi. Upareni, koo zina misitu yao mitakatifu, mipungi, ambamo hukati hata ukuni. Kwenye bonde moja la Kilimanjaro umepimwa mti wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika. Mti wa namna hiyo haufiki hapo kwa sababu hapakuwa na mwenye shoka.

Umeniuliza kuaminika. Wataalamu wenyewe wanaaminije, wakati udongo wa msituni ni mchungu, unakula mifupa? Ukizika mtu chini ya msitu wa mvua, baada ya miaka mia chache humkuti. Mbao zinaoza, ngozi zinaoza, vikapu vinaoza. Kinachobaki ni vigae, makaa, mawe, na mavi ya chuma, yale mabonge mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha. Ndiyo maana historia ya misitu ilichelewa kuandikwa, si kwa kuwa haikuwapo. Wanaoisoma wanachimba tope la chini ya maziwa na kuhesabu chavua iliyozama humo, lile vumbi la maua linaloonyesha mimea gani ilikuwapo. Ziwa Chala hapa mpakani, lililo ndani ya shimo la volkano, lilitobolewa mwaka 2016 na tope lililotoka humo lina kumbukumbu ya hali ya hewa ya kama miaka 250,000. Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilitobolewa mwaka 2000, na waliotoboa wakakuta tabaka la vumbi wanaloliona kuwa alama ya ukame mkali wa kama miaka 4,000 iliyopita.

Nakuambia haya kwa sababu ya kijiji ulichokiweka sura ya tatu, kile kilichoachwa msituni, chenye mafuvu yamepangwa mstari. Mafuvu yatoe. Weka kewa lililovunjika, ule mrija wa udongo uliopitisha pumzi ya mivukuto kwenye tanuri, na mavi ya chuma yaliyoota kuvu. Inatisha zaidi, amini.

Kuhusu chuma nina hadithi mbili, na zote za Tanzania.

Ya kwanza ni Katuruka, Buhaya, nchi ya Wahaya mkoani Kagera. Wenyeji walisimulia kwamba mfalme wao wa zamani, Rugomora Mahe, aliwaamuru wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mti fulani ulihusishwa na mahali walipofanyia kazi. Wanaakiolojia wakachimba pale miaka ya 1970. Wakakuta kweli shughuli za chuma, ila za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kale sana kuliko mfalme yeyote wa ukoo ule. Masimulizi yalikosea nani na lini. Hayakukosea wapi. Mimi tangu nisome habari hiyo simcheki tena mzee anayesema "hapa ndipo", hata kama anayoyaongeza hayawezekani. Na tazama tena: wafalme waliokuja baadaye walisimama juu ya tanuri la watu wa kale, wakalifanya lao.

Ya pili ni Ugweno, milima ya Pare ya Kaskazini, inayoonekana kutoka Moshi siku isiyo na ukungu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenye asili ya huko huko Upareni, alikusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960. Mwanzo watawala wa Ugweno walikuwa Washana, ukoo wa wafua chuma. Kisha Wasuya wakawapindua. Sasa, mwandishi wa haraka angewaua Washana wote ukurasa huo huo. Lakini utamuua vipi mwenye siri ya moto? Washana waliendelea kufua. Jembe lilitoka kwao, mkuki ulitoka kwao, na chuma cha Ugweno kilipanda mpaka kwa Wachagga, ambao mlimani kwao hawakuwa nacho. Aliyeshindwa anatengeneza silaha ya aliyeshinda, na anaogopwa. Nikupe nini zaidi ya hapo kwa riwaya?

Na Mwirande wako mwenye mbwa, nadhani najua alikozaliwa. Anafanana na Mbegha wa Usambara. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Unguu, akaingia milima ya Usambara na mbwa wake, akawa anaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, mpaka Washambaa wakamfanya mfalme, ukoo wa Wakilindi ukaanza, makao yakawa Vugha. Hiyo ni karne ya 18. Watu wakisimulia wanamtazama Mbegha tu, ni haki, ni mtu wa kupendeza. Wewe tazama pembeni yake. Nguruwe waliharibu mashamba: basi palikuwa na mashamba. Aliwapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani: basi palikuwa na ghala na adabu ya kubadilishana. Walishauriana wamfanye mfalme: basi palikuwa na wazee, koo, baraza. Simulizi la ujio wa shujaa limejaa wenyeji kila kona, wamesimama kimya kama watu kwenye picha ya arusi wasiotajwa majina nyuma ya bwana harusi.

Niharakishe kwenye miaka. Umeandika "miaka elfu kumi ya ufalme". Punguza. Ufalme mmoja ukidumu miaka 300 umejitahidi. Watu ndio wape muda mrefu, utawala uwe mfupi. Na usisahau kuweka pengo. Katika msitu wa Kongo, ukizihesabu tarehe zilizopimwa za makazi ya kale, zinakuwa nyingi, kisha kati ya mwaka 400 na 600 hivi zinapungua ghafla. Sehemu kubwa ya msitu inaonekana kubaki na watu wachache mno, na karne nyingi zikapita kabla ya kujaa tena. Waliokuja baadaye walidhani wameingia msitu wa tangu uumbaji, kumbe wanakanyaga makaa ya jikoni. Lile neno lako "mtupu" lina dawa hapo. Msitu uwe mtupu machoni pa Mwirande, na mtoto wake akichimba shimo la kuhifadhia ndizi atoe kigae.

Kama unataka kuona pengo kwa macho, una Engaruka, tena iko mkoani kwenu, ukipita Mto wa Mbu ukaelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mashamba yaliyozungushiwa mawe, mifereji, vijiji vya ngazi ngazi mlimani, karibu hekta 2,000. Walilima pale karne kadhaa, wakaondoka kabla ya karne ya 19. Maji ya mito kupungua ni sababu inayotajwa sana. Hawakutuachia hata jina lao.

Na usiwafanye watu wa msitu wote wa vibanda vya majani, kwa kudhani miti inazuia ukubwa. Kusini-magharibi mwa Nigeria, ndani ya msitu, kuna handaki na ukuta wa udongo uitwao Eredo, mzunguko wake kama kilomita 160, mahali pengine kimo cha mita 20. Igbo-Ukwu, pia Nigeria, mtu alikuwa akichimba shimo la maji mwaka 1938 akakutana na vyombo vya shaba nyeusi. Walipokuja kuchimba wataalamu, pamoja na shaba wakatoa shanga zaidi ya 165,000. Ni za kama karne ya 9. Shanga zile zilifikaje msituni? Kuna mtu alizipokea.

Ningekuwa wewe, Usaviri ningeianza hivi. Kwanza watu wa mito, ambao wewe unawaita Wafupi, wenye majina ya kila kijito. Majina hayo yabaki mpaka mwisho wa riwaya, maana mto ndio kitu cha mwisho kubadilishwa jina. Kisha wafugaji wachache wanaopanda kutoka nyikani ukame ukizidi, kama waliokaa Luxmanda, mkoani Manyara, miaka kama 3,000 iliyopita. Hawa waoane na watu wa mito, wakosane, ng'ombe wafe kwa mbung'o, wabaki wawindaji wenye wimbo wa ng'ombe wasiyemfuga. Kisha wafua chuma. Kisha pengo. Mgomba uingie kimya kimya, kwa mikono ya wanawake, bila shujaa. Ndipo, ukurasa wa hamsini huko, Mwirande na mbwa wake. Mabonde uyachimbe marefu, kama yetu hapa, ambapo mtu wa Machame na mtu wa Rombo, mlima mmoja, wakikutana inabidi wavute Kiswahili. Kilichowatenganisha ni makorongo, miti haina kesi hapo.

Na unapotaka kuonyesha wenyeji bado wapo, usiandike hotuba. Andika kwamba Msaviri mkubwa kabisa, mwenye mikuki elfu, hapandi shamba jipya mpaka amwite mzee mmoja maskini wa ukoo wa mito aje aweke sale mpakani. Sale unalijua, lile jani la masale tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba na kupeleka kwa mtu tukiomba msamaha. Mzee aje, atukanwe njiani na watoto, aweke sale, apewe mbege, aondoke. Usieleze kwa nini.

Limebaki la Wakonyingo. Hakuna wa kukuruhusu wala kukukataza, hadithi hizi ni za baraza. Ombi langu moja: jina liache mlimani, pembe ichukue. Na kabla hujawaandika, sikiliza kisa cha ndugu wawili, Mkunare na Kanyanga, kwa sababu ndicho kitakachokuambia uandike nini.

Kwao kulikuwa na dhiki. Mkunare, mkubwa, akasikia kwamba juu mlimani kuna mfalme anayesaidia maskini, akapanda. Akafika kwa Wakonyingo, akawaona wadogo vile, akadhani ni watoto wanacheza. Akawauliza, baba zenu na kaka zenu wako wapi? Wakamjibu, subiri, watarudi. Akakaa kando kuwasubiri watu wazima. Jua likazama, usiku ukaingia, hakuja mtu. Chakula hakupewa, akashuka mikono mitupu. Baadaye akapanda Kanyanga. Yeye akawatazama vizuri, akaona ni watu wazima, akawaamkia kama wazee wanavyoamkiwa. Wakampeleka kwa mfalme wao. Huyo alirudi nyumbani anaswaga ng'ombe.